Amani: Zao lililoanguka sokoni likaja kuufaa muhogo

Wajerumani walipoanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, hawakumfikiria mkulima mdogo. Chini ya Franz Stuhlmann, bustani za majaribio zilipandwa kwa ajili ya mazao ya mashamba makubwa: kahawa, mpira, miti ya kwinini. Ndiyo maana wapo wanaoiona Amani kuwa mabaki ya ukoloni yasiyostahili kutumiwa fedha za umma. Nia ya waasisi hao haina utetezi. Lakini shamba la utafiti hupimwa kwa kilichotoka ardhini mwake, na hicho huchukua miongo kuonekana.

Tazama mpira wa aina ya Manihot glaziovii, ndugu wa muhogo kutoka Brazil. Mashamba yake yalitapakaa koloni zima, kisha mwaka 1913 bei ikaporomoka. Kwa mwenye mtaji, zao hilo lilikufa. Kwa wenyeji, majani yake yalibaki mboga, kisamvu cha mpira. Miaka ya 1930, Amani ikiwa mikononi mwa Waingereza, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikuwa wakipambana na batobato, ugonjwa unaokunja majani ya muhogo na kudumaza mizizi. Walichavusha muhogo kwa mti huo huo wa mpira, wakapata machotara yenye ukinzani lakini mizizi duni, wakayarudishia damu ya muhogo kizazi baada ya kizazi hadi yakazaa vizuri. Mtafiti D. L. Jennings aliendeleza kazi hiyo, na uzao wa machotara hayo ukafika Nigeria, ambako watafiti wa Ibadan waliujengea mbegu bora miaka ya 1970. Chakula cha maskini kilipata kinga kutoka kwa zao lililomshinda tajiri.

Mpinzani atauliza: na mhesi je? Mti huo, ulioletwa Amani kwa majaribio, umevamia msitu wa asili wenye mimea isiyopatikana kwingine duniani. Madhara hayo ni ya kweli, nayo yanathibitisha kwamba jaribio halikomi mtafiti anapoondoka. Makao ya utafiti yalihamia Muguga, Kenya. Miti ilibaki ikikua na kuzaa. Tangu 1997 eneo hilo limo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, lakini kulinda mipaka hakutoshi. Kila mti wa majaribio unahitaji jina, kumbukumbu na mtu wa kuufuatilia, ili wenye faida utumike na wenye madhara udhibitiwe mapema. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kuanza upya kutafuta ukinzani, ugonjwa ukiwa tayari shambani.