Kurejea Asili: Wahamiaji wa Kijerumani na Makosa ya Wanukuzi

Ndugu msomaji, nasaba ni amana. Mwenye kumnasibisha mtu na asiyekuwa babu yake huwadhulumu wawili: aliyebandikwa kizazi kisicho chake, na aliyenyang'anywa kizazi chake. Mfano tunauona kwa Wajerumani waliohamia Pennsylvania, ilipokuwa koloni la Uingereza huko Amerika.

Mwaka 1727 baraza la koloni liliamuru kila nahodha aandike orodha ya wageni aliowaleta, na wanaume watie sahihi kiapo cha utii kwa mfalme. Mwaka 1856 I. Daniel Rupp alichapisha majina ya orodha hizo, na wengi wakakitegemea kitabu chake. Lakini mwandiko wa Kijerumani wa zama zile una mitego: herufi "e" hufanana na "n". Na asiyejua kuandika aliweka alama tu, karani Mwingereza akaliandika jina kama lilivyomfikia sikioni. Basi mwaka 1934 Strassburger na Hinke walizitoa upya orodha hizo kwa majalada matatu, moja likiwa na picha za sahihi zenyewe. Hapo msomaji akaweza kulinganisha nakala na asili.

Hata hivyo, asili nayo yataka kufahamiwa. Makarani waliwaita wageni hao "Wapalatina", yaani watu wa jimbo la Palatinate, hali wengi walitoka Württemberg, Baden, Alsace na Uswisi. Walioshika jina hilo bila kuhakiki walitafuta mababu katika jimbo lisilo lao. Annette Burgert, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu Kraichgau, alilinganisha orodha za meli na madaftari ya makanisa ya vijijini, ndipo kwao kwa familia nyingi kukajulikana.

Tena, waliotakiwa kutia sahihi ni wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Kwa hiyo kukosekana jina la mke au mtoto si hoja kwamba hakuwamo melini. Na hadi mwaka 1752 Waingereza walifuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 11 katika karne ile. Asiyelijua hilo hudhani hati mbili zinapingana.

Tunahitimisha kwa kusema: haitoshi kuishika hati mkononi. Ni lazima tuulize nani aliiandika, aliona au alisikia, na aliiandika kwa haja gani. Wanafunzi wa isnadi si wageni wa maswali haya.