Alama Elfu Moja: Walimu wa Kujitolea na Kisomo cha Watu Wazima katika Kichina, 1918–1923

Historia ya kisomo cha watu wazima nchini China aghalabu huelezwa kama historia ya kampeni na vyama. Makala haya yanadai kwamba ni historia ya lugha vilevile: kiasi cha lugha kilichofundishwa kilipimwa kwa saa ambazo mwalimu asiyelipwa aliweza kuzitoa, na ambazo mwanafunzi aliyechoka aliweza kuzivumilia.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ufaransa ziliajiri vibarua wa Kichina wapatao 140,000, wengi wao wakulima wa Shandong na Zhili. Mwaka 1918 Yan Yangchu, aliyekuwa amehitimu Yale mwaka huohuo, alifika Boulogne kuwahudumia. Jioni aliwaandikia barua za kupeleka kwao. Barua zilipomzidi, aliwataka wajifunze kuandika wenyewe. Wakajitokeza 40 hivi. Januari 1919 alianza kuwatolea gazeti la kila juma.

Sisi tuliozoea Kiswahili, ambacho kwa herufi zisizofika thelathini huandika neno lolote, hatuna budi kuutafakari ugumu wa kazi hiyo. Alama ya Kichina husimamia silabi pamoja na maana yake, nayo hufunzwa moja moja. Hata hivyo, vibarua hao walikuwa na bahati. Mwaka 1917 Hu Shi alikuwa ametoa wito kwamba maandishi yafuate baihua, yaani lugha ya maongezi, badala ya wenyan ya kale; na msingi wa baihua ni Kimandarini, ambacho lahaja za kaskazini ni sehemu yake. Yan naye, ingawa mzaliwa wa Sichuan, alikulia katika lahaja ya Kimandarini. Kwa hiyo mwanafunzi alipoitambua alama, sentensi alikuwa nayo tayari kinywani.

Changsha, mwaka 1922, mambo yalikuwa mengine. Walimu wapatao 80 walijitolea kufundisha watu wazima zaidi ya 1,000, saa moja kila jioni kwa miezi minne. Tukichukua jioni mia moja hivi, na alama kumi kwa kila somo, tunapata elfu moja. Ni kweli kwamba alama zilichaguliwa kwa wingi wa matumizi yake. Lakini kwa maoni yetu idadi yenyewe ilitokana na jioni hizo. Kitabu cha Tao Xingzhi na Zhu Jingnong cha 1923 kilishika kipimo hichohicho.

Wenyeji wa Changsha, lakini, husema Kixiang. Mwanafunzi aliweza kuitamka alama kwa matamshi ya kwao, ila msamiati na muundo wa sentensi ukurasani ulikuwa wa kaskazini. Aliyesoma vizuri kwa sauti huenda hakuelewa alichokisoma. Hapo mwalimu wa kujitolea alifanya kazi mbili kwa saa ileile: kufundisha maandishi, na kufasiri lugha moja ya Kichina kwa nyingine. Hiyo ya pili haikutengewa somo hata moja katika zile alama elfu.