Ahadi ni Deni: Hadaa, Hiari na Mapatano ya Ajabu kutoka Theophilus hadi Harry Dresden

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa kwa nini mhusika fulani alitenda uovu, mara nyingi hujibu kwamba mhusika huyo alidanganywa, alirogwa au aliingiwa na shetani. Jibu hili hufunga mjadala kabla haujaanza. Mhusika hubaki kama gogo linalosombwa na mto, na mwanafunzi hupoteza alama za uchambuzi wa tabia na dhamira. Makala haya yanachunguza motifu inayoweza kumsaidia mwalimu kuufungua mjadala huo, yaani motifu ya binadamu anayefanya mapatano na kiumbe mwenye nguvu zisizo za kawaida. Tutaanza na chimbuko la motifu hii barani Ulaya, kisha tutaitazama katika msururu wa riwaya za The Dresden Files za Mmarekani Jim Butcher. Dai letu ni kwamba swali la msingi limebadilika. Masimulizi ya kale yaliuliza iwapo mkataba unaweza kuvunjwa. Butcher anauliza iwapo aliyeufanya alikuwa na hiari, na hadaa inaipunguza hiari hiyo kwa kiasi gani.

Chimbuko la motifu

Mojawapo ya masimulizi ya kale zaidi ya aina hii ni la Theophilus, mtumishi wa kanisa katika mji wa Adana ulioko Uturuki ya leo. Akiwa na uchungu wa kunyimwa cheo, alimkana Mungu kwa maandishi na kumkabidhi shetani hati hiyo. Baadaye alijuta, naye Bikira Maria akamrudishia hati yake. Simulizi hili lilitafsiriwa kutoka Kigiriki hadi Kilatini katika karne ya 9, na katika karne ya 13 mshairi Mfaransa Rutebeuf alilitungia mchezo wa kuigiza. Hapa mkataba ni karatasi tu, na rehema ina uwezo wa kuibatilisha.

Mwaka 1587 mchapishaji Johann Spies wa Frankfurt alitoa kitabu kuhusu Daktari Faust, msomi aliyeuza roho yake kwa muda wa miaka 24 na kutia sahihi kwa damu. Mwingereza Christopher Marlowe, aliyefariki mwaka 1593, aliigeuza hadithi hiyo kuwa tamthilia iliyochapishwa mwaka 1604. Jambo la kuzingatiwa katika tamthilia ya Marlowe ni kwamba Mephistopheles hamfichi Faustus uchungu wa jehanamu. Damu ya Faustus yenyewe inaganda anapotaka kuandika, kana kwamba mwili wake unakataa. Hata hivyo, anaandika. Faustus hawezi kusema kwamba hakuonywa.

Goethe, aliyechapisha sehemu ya kwanza ya Faust mwaka 1808 na ya pili kuchapishwa mwaka 1832, aliubadilisha mkataba ukawa dau. Faust atashindwa tu iwapo ataridhika na hali fulani kiasi cha kutamani idumu. Kwa hivyo sahihi peke yake haiamui mwisho wake. Mwisho huo unategemea namna anavyoishi baada ya kutia sahihi. Huu ndio urithi alioupata Butcher.

Deni la Harry Dresden

Riwaya ya kwanza ya msururu huu, Storm Front, ilitoka mwaka 2000. Kufikia mwaka 2020, Butcher alikuwa amechapisha riwaya 17 za msururu huo. Mandhari ni jiji la Chicago, pamoja na magari yake, polisi wake na majengo yake marefu, lakini kando ya maisha hayo ya kawaida wapo viumbe wa ajabu. Aina hii ya utanzu tunaweza kuiita fantasia ya mjini. Msimulizi ni Harry Dresden, mpelelezi wa kibinafsi mwenye elimu ya nguvu za ajabu. Tusimwite mchawi kwa maana yetu ya mtu anayewadhuru wenzake kwa siri, maana kazi yake ni kuwalinda watu.

Alipokuwa kijana, Dresden alimwendea Lea, mama yake wa ubatizo, ambaye ni mmoja wa Sidhe, viumbe wa ngano za Ireland na Uskoti. Alitaka nguvu za kumshinda mlezi wake mkatili. Alizipata, lakini akabaki na deni. Katika Summer Knight (2002) Malkia Mab, mtawala wa Sidhe wa majira ya baridi, analinunua deni hilo. Mab ni jina la kale ambalo Shakespeare pia alilitaja katika Romeo and Juliet. Mab anamwambia Dresden kwamba akimtimizia maombi matatu, atakuwa huru, na kwamba ana haki ya kukataa ombi lolote asilolitaka. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni. Katika ulimwengu wa Sidhe methali hii imekuwa sheria ya maumbile, kwani hawawezi kuvunja ahadi waliyoitoa.

Ukweli unaodanganya

Sidhe pia hawawezi kusema uongo wa moja kwa moja. Msomaji mwepesi angedhani kwamba basi ni waaminifu. Kinyume chake, wao ndio wajuzi wakubwa wa hadaa. Wanasema sehemu ya ukweli, wananyamazia sehemu nyingine, na kumwacha msikilizaji ajidanganye mwenyewe. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kuhusu uongo karibu na mwaka 395, alitilia mkazo nia ya kudanganya. Butcher anatuonyesha kwamba nia hiyo inaweza kukaa ndani ya maneno ya kweli matupu.

Jambo hili lina uzito darasani. Vijana wetu wanaishi katika enzi ya mikopo ya simu na mikataba mirefu inayokubaliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kila neno la mkataba huenda likawa la kweli, na bado anayekubali akawa hajui anachokikubali.

Sarafu thelathini

Katika Death Masks (2003) Butcher analeta aina ya pili ya mapatano. Malaika 30 walioasi wamefungwa ndani ya sarafu 30 za fedha, na idadi hiyo inaturejesha kwa malipo ya Yuda. Anayeigusa sarafu humfungulia malaika mlango wa akili yake, lakini malaika hawezi kummiliki bila ridhaa yake. Ndiyo maana Mashujaa wa Msalaba, wanaopambana na wabebaji wa sarafu hizo, huona kwamba jukumu lao la kwanza ni kumpa mbebaji nafasi ya kuitupa. Mmoja wa mashujaa hao, Sanya, aliwahi kuwa mbebaji mwenyewe.

Dresden anaishika sarafu ya malaika Lasciel ili mtoto mdogo asiiguse. Nia yake ni njema, lakini matokeo yanamfuata vilevile. Kivuli cha Lasciel kinaingia akilini mwake, na katika Dead Beat (2005) kinamhadaa kwa kujifanya mwanamke wa kawaida wa duka la vitabu. Hata hivyo, katika White Night (2007) kivuli hicho chenyewe, baada ya kuishi kwa muda mrefu na mtu mwenye hiari, kinachagua kuangamia ili kumwokoa. Ikiwa kivuli cha malaika aliyeasi kinaweza kuchagua, ni mhusika gani basi atakayedai kwamba hakuwa na njia?

Uongo mmoja

Kilele cha mjadala huu kimo katika Changes (2010). Binti wa Dresden ametekwa nyara, na Dresden mwenyewe amevunjika uti wa mgongo. Katika hali hiyo anakubali kuwa shujaa mtumishi wa Mab, cheo alichokuwa amekikataa kwa miaka mingi. Katika Ghost Story (2011) tunafahamu kwamba, wakati wa dhiki hiyo, malaika aliyeasi alimnong'oneza uongo mfupi wa kumtwisha lawama yote. Uongo huo ulimsukuma katika kukata tamaa hadi akapanga kifo chake mwenyewe. Kwa kuwa mizani ya hiari ilikuwa imevurugwa, malaika mwema Uriel anaruhusiwa kumpa maneno ya kweli yenye idadi ileile. Uriel hamwondolei mkataba. Anamrudishia tu ukweli kwamba Mab hawezi kumgeuza kuwa mtu mwingine.

Hapa ndipo Butcher anapoachana na Theophilus. Hati hairudishwi, na deni linaendelea. Katika Skin Game (2014) Mab anamlazimisha Dresden kushirikiana na adui yake Nicodemus, mbebaji wa sarafu. Ili kufikia lengo lake, Nicodemus anamuua binti yake mwenyewe. Basi tuna baba wawili waliofunga mapatano na nguvu za ajabu: mmoja alijitoa ili amwokoe binti yake, mwingine akamtoa binti yake ili apate alichokitaka. Mkataba peke yake hauwezi kueleza tofauti hiyo. Hiari ndiyo inayoieleza.

Kipimo katika fasihi yetu

Kipimo hiki kinafaa pia katika fasihi yetu. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, mtawala wa Pate anamwahidi mwana wa Liyongo mke wa kifalme iwapo atamuua baba yake. Hakuna jini hapa, ila mapatano yana umbo lilelile. Kijana alihadaiwa kuhusu malipo, kwani hakuyafaidi. Lakini kuhusu tendo lenyewe hakuhadaiwa hata kidogo, maana alijua ni kitovu cha nani anachokidunga kwa sindano ya shaba.

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba mwalimu awaongoze wanafunzi kuuliza maswali matatu kuhusu mhusika yeyote aliyefanya mapatano maovu. Alijua nini alipokubali? Alifichwa nini, na nani aliyemficha? Baada ya kuugundua ukweli, alifanya nini? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Anayehadaiwa anastahili huruma kwa hatua yake ya kwanza. Hatua ya pili huwa ni yake mwenyewe.