Sofia Kovalevskaya: Profesa aliyefungiwa milango ya chuo

Mwaka 1888 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa iliwashindanisha wanahisabati kuwania Tuzo ya Bordin. Kwa mujibu wa masharti, kazi ziliwasilishwa bila majina, na jina la kila mwandishi likafungwa ndani ya bahasha. Kazi moja, iliyohusu mzunguko wa vitu vigumu, iliwavutia mno waamuzi hata zawadi ikapandishwa kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Jina lililokutwa ndani ya bahasha yake lilikuwa la mwanamke: Sofia Kovalevskaya, Mrusi aliyekuwa akifundisha Stockholm, Uswidi.

Miaka 14 kabla ya hapo alikwishapata shahada ya udaktari. Sehemu kubwa ya muda huo hakuna chuo kilichompa kazi.

Hesabu ukutani

Sofia alizaliwa Moscow Januari 1850, binti wa jenerali wa mizinga. Familia ilipohamia shambani kwao Palibino na kuikarabati nyumba, karatasi za kupambia kuta hazikutosha. Chumba cha watoto kikabandikwa kurasa za mihadhara ya kalkulasi ya mwanahisabati Ostrogradsky, ambazo baba yake alizinunua ujanani. Binti huyo alisimama saa nyingi mbele ya ukuta ule, akijaribu kubaini ukurasa upi unafuata upi. Alipoanza kufundishwa kalkulasi akiwa kijana, mwalimu alishangaa kuona jinsi alivyozishika dhana zake upesi, kana kwamba alizijua zamani.

Jirani yao, Profesa Tyrtov, aliwahi kuwapa kitabu chake cha fizikia. Sofia alikutana humo na dhana ya sine ya trigonometria, jambo ambalo hakuwahi kufundishwa. Akaketi nalo peke yake mpaka akapata njia ya kulieleza. Tyrtov alipogundua hilo, alimsihi baba yake ampatie binti huyo masomo ya kweli ya hisabati.

Ndoa ya kupata ruhusa

Vyuo vikuu vya Urusi havikuwapokea wanawake, na msichana hakuweza kwenda kusoma nje bila idhini ya baba au mume. Mwaka 1868, akiwa na miaka 18, Sofia alifunga ndoa na Vladimir Kovalevsky, msomi wa visukuku, kwa makubaliano kwamba ndoa hiyo imfungulie njia ya kusafiri.

Alipofika Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1869, ilimbidi aombe ruhusa kwa profesa mmojammoja ili aketi darasani. Berlin, mwaka uliofuata, hata hilo halikuwezekana. Karl Weierstrass, profesa wa huko na mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zile, alimpa maswali magumu ili ampime. Sofia alirudi na majibu yaliyomridhisha mzee huyo, naye akaomba binti huyo aruhusiwe kuhudhuria mihadhara. Chuo kikakataa. Basi Weierstrass akamfundisha faraghani kwa takriban miaka minne.

Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Göttingen kilimtunuku udaktari kwa daraja la juu kabisa, kwa kazi tatu. Mojawapo ilihusu milinganyo inayoeleza mambo yanayobadilika kwa wakati na mahali kwa pamoja, kama joto linavyosambaa katika chuma. Sofia alithibitisha ni katika masharti gani mlinganyo wa namna hiyo una jibu, tena jibu moja tu. Kanuni hiyo, inayoitwa ya Cauchy na Kovalevskaya, inafundishwa vyuoni hadi leo.

Daktari asiye na kazi

Aliporudi Urusi, kazi ya kufundisha iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ya hesabu za mwanzo kwa wasichana wa madarasa ya chini. Kwa miaka kadhaa aliiacha hisabati, akaandika magazetini habari za tamthilia na sayansi. Alijifungua binti mwaka 1878. Biashara za familia zikaanguka, na mwaka 1883 mumewe akajiua.

Mwaka huohuo Gösta Mittag-Leffler, mwanafunzi mwingine wa Weierstrass, alimwita Stockholm. Sofia alianza kufundisha mapema 1884, bila mshahara wa chuo, kwa Kijerumani kwanza na baadaye kwa Kiswidi. Mwandishi August Strindberg alimshambulia gazetini, akipinga mwanamke kuwa profesa wa hisabati. Hata hivyo, mwaka huo alipewa uprofesa wa miaka mitano, na mwaka 1889 akapewa wa kudumu.

Pia inayozunguka

Kazi iliyompa tuzo Paris ilihusu swali ambalo mtoto mwenye pia huliona kila siku: kitu kizito kilichoshikizwa nchani huzungukaje? Wanahisabati Euler na Lagrange walikwisha kupata suluhisho la aina mbili za mzunguko huo. Kwa takriban karne nzima hakuna aliyeongeza ya tatu, mpaka Sofia alipofanya hivyo kwa pia isiyo na ulinganifu kama wa pia ya Lagrange. Baadaye ilithibitishwa kwamba hakuna aina ya nne inayoweza kutatuliwa kikamilifu kwa njia hiyo.

Mwaka 1889 Akademia ya Sayansi ya Urusi ilibadili kanuni zake ili imchague kuwa mwanachama wa mbali. Nafasi ya kufundisha nchini kwake hakupewa. Alifariki Stockholm tarehe 10 Februari 1891 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 41.

Akili ya Sofia mwaka 1874 ndiyo ileile ya mwaka 1884. Kilichoongezeka ni watu wawili watatu wenye madaraka walioamua kumpokea. Miaka aliyokaa bila chuo hakurudishiwa, na hisabati haikufidiwa. Mwalimu, mzazi na kiongozi wa chuo anayemwona binti mwenye kipaji cha hesabu asingoje athibitishe mara mbili ya wengine. Ampe nafasi sasa.