Neno lisiloandikwa: mwigizaji Msomali na mswada wa "Captain Phillips"

Uigizaji wa papo kwa papo ni pale mwigizaji anapotamka neno au kufanya tendo ambalo halikuandikwa katika mswada wa filamu, na mwongozaji akaamua kulibakiza. Mfano mmoja mashuhuri unapatikana katika filamu ya Kimarekani "Captain Phillips" ya mwaka 2013, ambayo kisa chake kilitokea katika bahari ya karibu na Somalia.

Tarehe 8 Aprili 2009, maharamia wanne wa Kisomali waliiteka meli ya mizigo Maersk Alabama, iliyokuwa na mabaharia 20 na ikielekea bandari ya Mombasa. Miongoni mwa shehena yake kilikuwamo chakula cha msaada. Nahodha Richard Phillips alishikiliwa katika boti ya kuokolea maisha hadi tarehe 12 Aprili, alipookolewa na wanamaji wa Marekani. Maharamia watatu waliuawa, na wa nne alihukumiwa kifungo nchini Marekani.

Mswada uliandikwa na Billy Ray kutokana na kitabu cha nahodha huyo. Mwongozaji, Paul Greengrass wa Uingereza, alianzia kazi katika vipindi vya uchunguzi vya televisheni, na alitaka filamu yake ifanane na tukio la kweli. Nafasi za maharamia alizitoa kwa vijana wanne wa Kisomali wa Minneapolis. Kiongozi wa kundi hilo aliigizwa na Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen kabla ya kuhamia Marekani, na ambaye hakuwa amewahi kuigiza katika filamu.

Greengrass aliwazuia vijana hao wasikutane na Tom Hanks, aliyeigiza kama nahodha, hadi siku walipovamia chumba cha usukani mbele ya kamera. Katika tukio hilo Abdi alimtaka nahodha amtazame, akamwambia kwamba tangu hapo nahodha ni yeye. Abdi amesimulia kwamba maneno hayo hayakuwamo katika mswada. Leo hii ndiyo yanayokumbukwa kuliko maneno mengine yote ya filamu hiyo.

Sehemu ya mwisho nayo ilizaliwa papo hapo. Kamera ziliingizwa katika zahanati ya manowari, na mhudumu wa afya ambaye ni mwanajeshi wa kweli akaombwa amhudumie Hanks kama anavyomhudumia majeruhi yeyote. Maswali yake ni ya kazi yake ya kila siku, na kilio cha nahodha hakikuwa kimepangwa.

Hata hivyo, kubuni papo kwa papo si kubahatisha. Kabla ya kamera kuwashwa, vijana wale walifundishwa kuogelea, kuendesha mashua na kupanda meli kwa ngazi. Mswada uliwaonyesha tukio linakoanza na linakoishia, na mafunzo yakawapa ujasiri wa kujaza yaliyomo katikati. Neno la Abdi lilifaa kwa sababu alikwisha kumfahamu mtu anayemwigiza: kijana maskini ambaye, kwa muda mfupi, ameshika usukani wa meli kubwa.

Kuna pia suala la haki. Neno likishaingia katika filamu, huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi nzima. Billy Ray aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa mswada wake. Abdi naye aliteuliwa katika kundi la waigizaji wasaidizi, na mwaka 2014 akapata tuzo ya BAFTA ya Uingereza. Lakini vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba malipo yake yalikuwa dola 65,000 tu, ilhali filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani kote. Kwa waigizaji wapya wa ukanda huu, kisa hicho kinadhihirisha kwamba neno moja la mwigizaji laweza kuibeba filamu nzima, na kwamba mkataba husainiwa kabla neno hilo halijatamkwa.