Zero: ndege iliyozisukuma manowari hadi Kilindini

Kwetu Nakwa, Tanzania, ni mbali na bahari, lakini tishio la ndege hii lilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mitsubishi A6M, maarufu kama Zero, iliingia jeshini Japani mwaka 1940. Iliruka kutoka sitaha ya meli, mabawa yake yakiwa na upana wa mita 12, na ikiwa na tangi la ziada ilikwenda zaidi ya kilomita 3,000. Wanaoisifu kwa wepesi husahau kwamba wepesi huo aliulipia rubani: hakuwekewa bamba la kumkinga risasi, na matangi ya mafuta yalishika moto upesi.

Tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, Zero zilisindikiza ndege za mabomu kuishambulia Colombo, Sri Lanka ya leo. Siku nne baadaye ilikuwa zamu ya bandari ya Trincomalee, na Waingereza wakapoteza Hermes, manowari yao ya kubebea ndege. Sehemu kubwa ya meli zao ikahamia Kilindini, Mombasa.

Askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, nao walivushwa bahari kwenda kuilinda Sri Lanka. Mwaka 1944 wenzao, Watanganyika wakiwamo, waliwasukuma Wajapani katika Bonde la Kabaw, Burma, mvua ikinyesha na malaria ikiwaandama.