Kuchagua trekta la kati la shamba la hei: mnunuzi yuko Thornton Heath, shamba liko Tanga

Thornton Heath hakuna shamba la hei. Ni mtaa wa kusini mwa London, katika manispaa ya Croydon, wenye nyumba zilizoshikana, mabasi na maduka. Kabla treni haijafika mwaka 1862 palikuwa na nyika na mashamba. Leo kilichobaki ni jina tu. Ndugu zetu wanaoishi huko wanaswali msikiti wa Croydon ulioko London Road, na wengi wao wanaijua vizuri Lunar House, ofisi ya uhamiaji, kwa foleni zake.

Hata hivyo mtaa kama huo una nafasi yake katika shughuli hii. Familia nyingi za kwetu zimekaa hivi: shamba la urithi liko Tanga, Muheza au Kibaha, fedha zinatoka Maskati, Dubai au Doha, na aliye karibu na soko la matrekta yaliyotumika ni kaka au binamu aliyeko London. Yeye ndiye anayetuma picha kwenye kundi la familia usiku wa manane, na chini yake maneno: "Bei nzuri, tuamue leo."

Tuseme wazi tangu mwanzo: trekta la hei halichaguliwi kwa picha wala kwa bei ya mnada. Linachaguliwa kwa mashine ya kufungia majani itakayofungwa nyuma yake, na kwa fundi atakayelitengeneza.

Kwanza, hei yenyewe

Hei ni majani yaliyokatwa, yakaanikwa, yakakusanywa kwa reki na kufungwa marobota. Kwa pwani na bara ya Afrika Mashariki majani yanayopandwa zaidi kwa kazi hii ni ya Rhodes, yaleyale yanayolimwa Batina kwa maji ya visima ambavyo vingi vimeingiwa na chumvi. Saudi Arabia iliamua mwishoni mwa 2015 kuachana na kilimo cha majani mabichi ili kuokoa maji yake, na tangu hapo hakuna baraza la wakulima wa kwetu lisilozungumza habari ya kuuza hei Ghuba. Huenda siku moja ikawa biashara kubwa. Lakini soko la kwanza la shamba la Tanga ni ng'ombe wa maziwa walioko Tanga na wafugaji wa Dar es Salaam, ambao kila kiangazi wanahangaika na malisho. Anayetaka kuiona kazi hii kwa macho kabla ya kutoa hata shilingi, aende Vikuge, Kibaha, kwenye shamba la malisho la serikali, au kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI Tanga.

Soko hilo ndilo linaloamua ukubwa wa robota. Mteja mwenye ng'ombe wawili au watatu anabeba hei kwa bodaboda au bajaji, hivyo anataka robota dogo la pembe nne, la kilo 15 hadi 20. Robota kubwa la duara lina kilo 250 na zaidi. Halibebeki bila trekta jingine lenye mikono ya kunyanyulia, na mashine yake inadai nguvu zaidi. Kwa shamba la familia la eka 30 mpaka 100, robota dogo linatosha.

Nguvu kiasi gani?

Mashine ya marobota madogo inaweza kuendeshwa na trekta la nguvu za farasi 45. Ndivyo inavyosemwa, na ni kweli kwenye uwanja tambarare wenye majani mepesi. Shida ni uzito. Pistoni ya mashine hiyo inapiga mara 80 hadi 100 kwa dakika, na kila pigo linasukuma trekta mbele na nyuma. Massey Ferguson 135, trekta pendwa la wazee wetu, lina injini ya Perkins ya silinda tatu na uzito wa kama tani moja na nusu. Litakata majani na kuvuta reki bila taabu. Likiwekwa kwenye mashine ya kufungia juu ya kilima cha Muheza, na tela nyuma, dereva ataona trekta linatikiswa na mzigo badala ya kuuongoza.

Kwa hiyo kipimo cha kati kilicho salama ni nguvu za farasi 60 hadi 80. Hapo ndipo zilipo Massey Ferguson 290 na 375, zenye Perkins ya silinda nne, na Ford 6600 na 6610. Zaidi ya 90 ni kununua dizeli ya kuchoma bure, labda kama shamba litalima pia mashamba ya watu kwa kukodisha.

Magurudumu manne yenye nguvu ni mazuri, lakini hei hufungwa wakati wa ukavu. Ekseli ya mbele ni gharama na spea za ziada. Kama shamba halina udongo mweusi wa mbuga, magurudumu mawili yatafaa.

Klachi, jambo linalosahauliwa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine, ambayo mafundi huiita PTO, huzunguka mara 540 kwa dakika. Katika matrekta yenye klachi moja, ukikanyaga klachi kusimamisha trekta, na shafti nayo inasimama. Kwa plau si neno. Kwa hei ni balaa: mstari wa majani ukiwa mnene, dereva anataka kusimama huku mashine ikiendelea kumeza kilichomo. Shafti ikisimama, mashine inakabwa, na watu wanashuka kuchomoa majani kwa mikono.

Linalotakiwa ni trekta lenye klachi ya hatua mbili au PTO inayojitegemea. MF 135 zilitoka za aina zote, klachi moja na mbili, kwa hiyo jina kwenye boneti halitoshi. Ndugu aliyeko London ajaribu mwenyewe: PTO izunguke, akanyage klachi nusu, trekta lisimame, shafti iendelee. Kipimo hiki ni cha dakika moja.

Baadhi ya Massey zina gia za Multi-Power. Zikiwa upande wa polepole, injini haizuii trekta kwenye mteremko. Anayeteremka na tela la marobota ni lazima alijue hilo kabla, na breki ziwe nzima.

Kwa nini Uingereza, na kwa nini yale ya zamani

Kiwanda cha Banner Lane, Coventry, kilianza kutoa trekta za Ferguson mwaka 1946 na kilifungwa 2003. Ford walikuwa na chao Basildon, Essex, tangu 1964. Fundi wa Korogwe amekulia ndani ya injini hizo, na spea zake ziko Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Nyingine zinatoka Pakistan, ambako kampuni ya Millat bado inaunda Massey za mtindo uleule. Tukumbuke pia yaliyotokea Kibaha: matrekta ya URSUS yaliunganishwa hapo kwa matumaini makubwa, kisha kampuni yenyewe huko Poland ikafilisika. Trekta jipya lisilo na spea ni mzigo kuliko la mwaka 1985 lenye spea.

Trekta za Ulaya za miaka ya karibuni, zenye kompyuta na vichujio vya moshi, tuziache. Zinataka dizeli safi sana na fundi mwenye kompyuta, na Muheza hayupo.

Kazi ya aliyeko Thornton Heath

Mnada unaojulikana sana ni wa Cheffins, huko Sutton karibu na Ely, ambapo mashine za kilimo huuzwa kila mwezi. Ni safari ya kuikata London yote kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo aondoke baada ya Alfajiri, afike injini zikiwa baridi. Aguse boneti: ikiwa ya moto, mtu ameshaliwasha kuficha uzito wa kuwaka. Afungue mfuniko wa oili. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Anyanyue kitu kizito kwa mikono ya nyuma, azime injini, angoje. Kikishuka upesi, haidroliki imechoka. Mita ya saa asiiamini sana. Pedali zilizolika na usukani wenye nafasi husema ukweli zaidi. Apige picha ya namba ya usajili wa kiwandani.

Bei ya nyundo siyo bei ya mwisho. Kuna ada ya mnunuzi na VAT ya asilimia 20, ambayo inaweza kuondolewa kwa mali inayosafirishwa nje iwapo hati zinathibitisha hivyo. Hilo liulizwe kabla ya mnada. Trekta lioshwe udongo wote. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha mita 2.28 hivi, kwa hiyo mara nyingi kibanda hufunguliwa. Kikifunguliwa, kisafiri pamoja na trekta na kirudishwe. Uingereza ilivilazimisha kwa matrekta mapya tangu 1970 kwa sababu watu walikuwa wakifa trekta likipinduka, na milima ya kwetu haina huruma zaidi. Kadhalika kinga ya shafti: mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kwa sekunde, na ncha ya kikoi ikinaswa hakuna muda wa kupiga kelele.

Forodha ya Afrika Mashariki imeweka trekta la kilimo kwenye ushuru wa asilimia 0, lakini gharama za bandari na tozo nyingine zipo. Wakala aandike hesabu kamili kabla fedha hazijatoka Maskati. Hati ya shehena iwe na jina la atakayelitoa bandarini, na karatasi ya familia ionyeshe nani ametoa kiasi gani, nani ana hisa, na nani analipa tairi likipasuka. Aliyeko shambani awe na kura sawa na wenye fedha, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa juani siku majani yameshakauka, mawingu yanakusanyika upande wa bahari, na trekta limekataa kuwaka.